Mwanangu, Hiyo Karatasi ya Mwenye Nyumba

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Bibi yako akohoa, lakini huyo akohoa tangu wewe hujazaliwa.

Nimeisikiliza ile sauti uliyotuma kutoka huko Ujerumani. Umesimulia mengi: mkate mgumu, Jumapili maduka yamefungwa, watu hawasalimiani kwenye ngazi. Halafu mwishoni, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, ukasema mwenye nyumba hajatia saini bado, na wewe utamfuata wiki ijayo. Ikiwa ni ile karatasi ya kuthibitisha kwamba umehamia kwake, basi hayo ya mkate si habari. Habari ni hiyo.

Barua ya chuo uliyonitumia nimeisoma yote, na pasiponielea nimemuuliza kijana wa jirani aliyesoma hukohuko Ujerumani. Sheria yao yakupa wiki mbili tangu siku ya kuhamia, uende ofisi ya mji ukaandikishe anwani yako. Waenda na pasipoti na karatasi ya mwenye nyumba. Na miadi katika miji mikubwa haipatikani kirahisi, kwa hivyo usingoje karatasi ndipo utafute siku. Shika siku kwanza. Mwenye nyumba akikuzungusha, mwambie kwamba saini yake si hisani, sheria yamlazimu. Umwambie kwa adabu. Ulimi wako naujua.

Wala usije ukaniambia yuko rafiki atakayekuazima anwani yake. Mtu huandikishwa anapolala. Basi.

Najua utasema mama ana wasiwasi. Sawa. Mambo ya kitambulisho chako sina haja ya kukukumbusha, ulikuwepo. Rais ametangaza mwaka 2025 kwamba kupigwa msasa, kule kuhojiwa zaidi kabla ya kupewa kitambulisho, kumeondolewa kwa kaunti za mipakani, na bado nduguyo alipokwenda kuomba chake alitia cheti cha babu yake kwenye bahasha, akaikumbatia bahasha kifuani njia nzima. Hakuna aliyemtuma. Sisi watu wa Lamu tumefunzwa hivyo, na wewe umetoka nyumba hiyohiyo, sasa hiyo "wiki ijayo" umeitoa wapi?

Tena mambo yamefungamana. Zile euro 11,904 zilizofungiwa benki hazitoki zote, zatoka 992 kila mwezi, na zataka akaunti ya kwako huko ziingie. Benki itakuuliza wakaa wapi. Ofisi ya wageni nayo, utakapoomba kibali cha kukaa, itakuuliza vilevile, na hilo ombi lifike kabla viza haijaisha, si baada. Hizo ni pesa za mashua, mwanangu. Sikusimangi, nakwambia tu zilikotoka.

Jambo jingine alilonambia huyo kijana lilinishtua. Andika jina lako kwenye sanduku la barua mlangoni, jina lile lililo kwenye pasipoti. Huku mzigo ukishuka Mokowe, ng'ambo ya bara, mtu wa boti ataita jina la babako gatini na mtoto yeyote ataufikisha mpaka dakani. Huko mwenye kuleta barua hakujui wala haulizi. Asipoliona jina, airudisha. Kadi ya benki na barua za serikali zote zapita hapo! Kabandike leo, hata kwa kipande cha karatasi na gundi.

Ukishajiandikisha itakuja barua ya kudai ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna televisheni. Usidhani ni matapeli ukaitupa. Ni ada ya nyumba nzima, hailipwi kwa kichwa, kwa hivyo waulize wenzako kama wameshalipa, mgawane.

La bima ya afya umelifanya vizuri. Kujua kwamba bima yenyewe ndiyo hutuma taarifa chuoni, ukafuatilia mpaka ikafika, hilo babako amelisimulia barazani mpaka watu wakaanza kumkimbia. Masomo pia, ukibadilisha hata moja, ile fomu ya makubaliano ya masomo isainiwe upya na vyuo vyote viwili, cha huko na cha huku. Sitaki urudi uambiwe mwaka haukuhesabiwa.

Kula. Kijana wa jirani asema baridi kamili bado haijaja, nawe nimekuona kwenye picha na kile kisweta cha Mombasa. Nunua koti la mtumba, na huko yapo. Usinunue viatu vya urembo.

Punda wetu amepata kidonda mguuni, kapelekwa hospitali ya punda, ameoshwa na kufungwa bandeji, sasa amenuna hataki kutoka. Mchanga twabeba kwa mkokoteni, kwa sababu dari ya chumba chako imeanza kuvuja na fundi ataka kukarabati kabla ya mvua za vuli kukolea. Vitabu vyako nimevihamishia chumbani kwa bibi yako. Kabati limebaki, zito, na limefungwa. Vyeti vyako vya asili vimo humo, sitaki fundi alivunje wala lilowe. Ufunguo uliuweka wapi? Nduguyo asema uliondoka nao. Ikiwa ni kweli, nambie leo nimwite seremala, fundi aja kesho asubuhi.

Mamako