Kwa nini hatuuzi kambale wa siku tatu

Sisi tunaangua na kuuza vifaranga wa kambale. Wiki hii nimepigiwa simu tena: "Kifaranga mmoja shilingi 200, wenzenu wanauza 50. Mnatuibia." Neno hilo linaniuma, ndiyo maana nimeona niandike.

Huyo wa shilingi 50 hajawa kifaranga. Ni kiluwiluwi. Jike la kambale tunalichoma sindano ya homoni jioni, alfajiri tunalikamua mayai. Dume halikamuliki, inabidi lichinjwe ili kupata mbegu zake za kurutubisha mayai. Kesho yake mayai yanaanguliwa. Mweke mmoja kwenye sahani nyeupe: kauzi kenye macho mawili meusi, hakafiki punje ya mchele, na tumboni kamebeba kifuko cha kiini. Siku mbili tatu hali kitu, anajibanza kwenye kona yenye giza pamoja na wenzake. Kifuko kikiisha ndipo anaanza kuogelea akitafuta chakula. Hapo ndipo watu wanapotaka tumfungie kwenye mfuko.

Tumbo lake bado halijakomaa kusaga pumba wala unga wa dagaa. Tunamlisha artemia, vidudu tunaowaangua wenyewe kwenye maji ya chumvi kwa siku nzima. Mayai yao huja kwenye kopo, mengi huvunwa Ziwa Kuu la Chumvi huko Utah, Marekani, na kopo si la bei ndogo. Kulisha ni kila saa mbili, usiku pia. Halafu kuna kuchambua saizi. Aliyetangulia kukua humshika mwenzake mkiani na kummeza mpaka kichwa kikwame. Ukichelewa siku chache tu, beseni linabaki na vichwa.

Watu huniambia kambale ni mgumu, anaishi hata kwenye tope. Ni kweli, lakini huyo ni mkubwa, anayepanda juu kuvuta hewa. Kiungo cha kuvutia hewa hiyo mtoto anaanza kukitumia akiwa na wiki mbili, tatu hivi. Kabla ya hapo anategemea oksijeni ya majini tu, na pumba ikioza bwawani, oksijeni inakwisha kabla hakujakucha.

Mwaka jana mama mmoja alinisihi sana nimuuzie wa siku tatu. Nilikubali, na kosa hilo ni langu. Alichukua 3,000 kwa shilingi 150,000, akawamwaga kwenye bwawa aliloliacha na maji wiki tatu. Baada ya miezi miwili tulivuta wavu pamoja: kambale 14, wanene kuliko wote niliowahi kuwaona kwa umri ule, na watoto wa kereng'ende tele. Hao nao ni viluwiluwi, tena wana taya la kurusha mbele kama mkono, ndilo wanalokamatia watoto wa samaki. Kwa pesa ile ile angepata 750 wa saizi ya kidole. Nilimpa 200 wa saizi hiyo bure, na hao walisalimika. Tangu siku hiyo sijauza tena wa siku tatu, hata kwa ndugu.

Bei yetu ni ile ile, shilingi 200, wenye wiki sita, tunawahesabu ukiwa umesimama hapo na tunawafunga kwenye mfuko wenye oksijeni. Kausha bwawa kwanza, weka chokaa, jaza maji wiki ile ile ya kuchukua, si mwezi kabla. Na uje asubuhi, kabla jua halijawa kali.