Paa la Kariakoo si pambo

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Nimevumilia mengi, hata mitaa ya Ilala mkiihamishia Temeke. Lakini ile taarifa ya Jumamosi kuhusu vivutio vya katikati ya jiji imenishinda. Eti jengo la Soko Kuu la Kariakoo tuliachiwa na Wajerumani, na paa lake ni "pambo linalowapendeza wapiga picha". Pambo!

Wajerumani waliacha banda. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, ndiyo hiyo Carrier Corps iliyozaa jina Kariakoo, kisha banda likawa soko. Likabomolewa. Jengo mnalolisifia alilichora Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa ukanda huu kusomea usanifu majengo, na Mwalimu Nyerere akalifungua mwaka 1975. Jina la Amuli sikuliona popote. La mpiga picha wenu limo mara mbili.

Hilo paa ni kama miamvuli ya zege iliyopinduliwa. Mvua ikinyesha, maji yanakusanyika katikati, yanateremka ndani ya nguzo mpaka kwenye matangi chini ya ardhi. Kati ya miamvuli pana nafasi, joto linapanda na kutoka. Mimi nimeuza ndimu na nazi pale juu, kwa wa rejareja (wa jumla walikuwa shimoni), na jua la saa saba la Februari tulilisikia tu kwa wateja waliotoka nje. Bila feni, bila umeme. Sasa Jumanne nimepita na mjukuu wangu, nikamkuta kijana anatembeza wageni, anawaambia habari zilezile za Wajerumani. Nikamwambia kwa upole, mwanangu, hili jengo la Mtanzania. Akanijibu, "Bibi, mbona hata gazetini ipo?" Akatoa simu, akanionyesha taarifa yenu! Wageni wakacheka, mjukuu naye akacheka, nami nikabaki nimeshika kikapu kama niliyekuja kuomba.

Nikasema niondoke zangu. Nipite wapi? Njia ya waenda kwa miguu Mtaa wa Mkunguni imejaa mabegi, viatu na spika inayopiga kelele "elfu tano, elfu tano". Ukishuka barabarani, bodaboda. Ukiruka bodaboda, mkokoteni na mtu anakufokea "pisha, pisha". Machinga siwachukii, nami nilianza na beseni. Ila usiku wa Julai 10, 2021 soko liliungua tukiangalia, na leo gari la zimamoto likija sijui litapita juu ya viatu vya nani.

Ombi langu ni dogo. Lipatikane bati la futi mbili kwa moja, si marumaru, maana marumaru itahitaji kamati. Liandikwe jina la Amuli na mwaka 1975, lipigiliwe upande wa Mtaa wa Swahili, usawa wa macho. Misumari nitanunua mwenyewe. Na huyo mwandishi wako, masika yakianza, mpe ndoo asimame chini ya lile pambo lake, akiona tone atuandikie.

Bibi wa Ilala Bungoni,
Dar es Salaam