Mdogo wangu, ule mtumbwi niliuchora mimi

Mdogo wangu,

Hujapokea simu yangu tangu tulipomzika Mama. Basi nakuandikia hapa, maana najua hapa unapita.

Juzi asubuhi nilikuwa Mwaloni, kando ya Ziwa Victoria. Upepo umesukuma gugu maji hadi ukingoni, limechanua, na ile zambarau yake hafifu yenye doa la njano nikaitambua palepale. Ndiyo ile ya kwenye ubao uliomchorea Mama, kona ya chini kushoto. Na ule wekundu unaokatika ghafla ukawa bluu ni mjusi dume wa kwenye mawe, wale tuliokuwa tukiwafukuza nyuma ya nyumba. Ungeniambia tu, ningekuelewa.

Lakini Mama alikuwa kitandani. Alikuomba ziwa, kwa kuwa hakuwa na nguvu tena za kulifuata. Ukamletea siling bodi, kijani juu ya kijani, rangi umeipaka kwa kisu ikawa nene kama ukoko wa ugali. Akaitazama weee, kisha akauliza, "Baba, mtumbwi uko wapi?"

Ukamjibu, "Haupo, Mama." Ukaaga, ukawahi basi la Dar.

Hilo ndilo limenikaa kooni. Ziwa lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000, wewe ukakosa pa kuweka mtumbwi mmoja wa mgonjwa? Mama aliyetusomesha kwa dagaa, aliyekuwa akihesabu karabai za wavuvi usiku wa giza ili ajue kesho mzigo utakuwaje?

Nilikushauri zamani, chora vitu ambavyo watu wanavitambua. Mchoraji Tingatinga alianza na ubao kama huo huo wako na rangi za baiskeli, miaka ya 1960 mwishoni, akachora ndege na wanyama, na mpaka leo vijana wanakula kwa jina lake. Sikusema kwa kukudharau. Rangi zako za kwanza alinunua nani? Nimeanika dagaa mchangani mpaka mgongo ukagoma, na sikukuuliza hata siku moja picha zako zina maana gani. Ile siku ulipohangaika kuipata nyeupe ya mavi ya ndege mnandi juu ya majabali, ukaipata, nilikuwa nimesimama mlangoni nakutazama. Nilijivuna. Sikukwambia.

Ndiyo, ni mimi. Usiku ule nilichukua brashi yako uliyoisahau na rangi nyeusi iliyobaki tulipopaka geti. Nikachora mtumbwi, urefu wa kidole, na mtu mmoja ndani. Kafi limepinda, sijui kuchora. Asubuhi nikamwinua Mama kwa mito miwili, akauona.

"Kumbe upo," akasema. Akaomba uji, na tangu Jumapili alikuwa hajagusa kitu. Ningerudia tena, mdogo wangu, hata leo.

Siku ya msiba ukaingia chumbani, ukauona, ukatoka ukanipita mbele ya wajomba wote kama mtu usiyemjua. Siku tatu ukalala turubaini bila kunisemesha. Hata kuuliza hukuuliza.

Ubao uko kwangu. Wiki iliyopita nilinunua thina ya kuyeyusha rangi, nikalowesha kitambaa, nikakifikisha karibu na mtumbwi, nikakirudisha. Itaondoka na kijani yako ya chini, na mimi sijui uliichanganya vipi.

Njoo ufute mwenyewe, kama utaweza. Thina iko juu ya kabati, nimeifunga vizuri.

Dada yako