Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama, na vijana mliodamka alfajiri kuja hapa Tabora mjini,

Salaam. Hesabu za fedha mhazini atazisoma mwenyewe, karatasi mnazo mkononi, sizigusi. Mimi nitasema juu ya tofali, maana ndilo lililotutoa jasho mwaka huu.

Mkutano uliopita tulikubaliana kwamba mwanachama akijenga asitumie matofali ya kuchoma. Tanuru hukokwa usiku na mchana, na magogo yanayoingia humo ni ya miyombo ileile inayolisha nyuki wetu. Hatuwezi kujisifia asali ya Tabora huku tukichoma maua yake. Tukaazima mashine ya mkono ya kufyatulia matofali ya kufungamana, yale ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyahimiza. Ni udongo na saruji kidogo, hayaonji kuni, na yakipangwa hayahitaji udongo wa kuunganishia.

Ya kwanza yalitufedhehesha, na kosa ni langu. Niliona udongo uko hapohapo kiwanjani, nikasema kazi ianze. Matofali yalitoka laini kama sabuni, nasi tukapiga picha. Wiki haikwisha, kona zikapasuka. Mzee mmoja kati yetu akachukua chupa tupu, akatia udongo ule hadi theluthi moja, akajaza maji na chumvi kidogo, akatikisa, akaiacha hadi kesho yake. Mchanga ulikuwa kidogo chini, juu yake udongo wa mfinyanzi mtupu. Akaniuliza kama nataka kujenga nyumba au kufinyanga chungu.

Basi tukaongeza moramu, ule udongo wa changarawe, na mchanga. Siku hizi kabla ya kushindilia tunafumba konzi ya mchanganyiko, kisha tunaiachia ianguke kutoka usawa wa kifua. Ikisambaratika yote, maji hayatoshi. Ikibaki donge, yamezidi. Ikivunjika vipande vichache, fyatua. Baada ya hapo matofali hukaa kivulini, yakifunikwa na kumwagiliwa kwa siku saba au zaidi. Hapo ndipo vijana wetu huchoka. Nawaomba wasichoke, saruji bila maji ni vumbi la gharama.

Kuhusu ramani, bado nina lawama. Wengine mnaleta michoro ya nyumba isiyo na hata baraza, dirisha kubwa limeelekea magharibi, halafu Oktoba mnalala nje. Jua letu huchomoza na kuzama likipiga kuta za mashariki na magharibi. Ukuta mrefu uelekee kaskazini na kusini, na paa lijitokeze vya kutosha. Asiyeniamini aende Kwihara, aingie kwenye lile tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa la udongo, lililojengwa upya pale walipokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Kuta nene za udongo, baraza mbele, na ndani ubaridi wa mtungi. Sisemi turudi kwenye paa la udongo, mchwa wa huku tunawajua.

Maji ya mvua tumeyashughulikia kwa nyumba chache tu. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya bati la mita za mraba 60 ni lita 1,200, ukiacha zinazopotea. Mengi bado yanamiminika uani kwa jirani, na kesi mbili zimefika kwangu. Kamati imeamua mtaro uchorwe pamoja na msingi, na miembe iliyopo kiwanjani isikatwe kabla kamati haijafika kuiona.

Mashine itaendelea kuzunguka kwa zamu, na ratiba iko kwa katibu. Anayetaka jina lake liandikwe alete kwanza chupa ya udongo wa kiwanja chake. Yangu ipo pale dirishani tangu jana. Tafadhali msiitikise.