Barua kwa mwanangu Kabula: vile vipele vya Septrin

Nansio, Ukerewe

Mwanangu Kabula,

Picha ulizotuma nimeziona zote, ile ya mgongoni nimeivuta kwa vidole mpaka simu ikagoma. Nashukuru hukungoja, umekwenda hospitali na daktari amekwambia vimeletwa na Septrin, ile antibayotiki uliyokunywa. Nakubaliana naye. Mengine ningekwambia kwa simu, ila wewe kwenye simu unaitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" huku unasoma meseji za watu. Haya nataka uyasome.

Wenzako wa hosteli wamesema ni dagaa. Nimecheka. Huku ziwani chochote kikitoka kwenye ngozi anasingiziwa samaki, kama si dagaa basi kamongo. Ni kweli wapo wanaowashwa na dagaa, lakini mtu wa namna hiyo anaanza kujikuna sahani haijaoshwa, na kesho yake yameisha. Wewe umekula dagaa tangu huna meno. Kilichowapoteza wenzako ni siku. Dozi ya Septrin ya maambukizi ya mkojo uliimaliza Jumapili, vipele vikatoka Jumatano, nani angeifikiria dawa? Kumbe vipele vya antibayotiki mara nyingi ndivyo vilivyo. Mwili ukiwa haujawahi kuikataa dawa ile, kinga yake huchukua wiki moja, hata mbili, tangu kidonge cha kwanza, ndipo inapoanza kupambana nayo. Wakati huo dozi inaweza kuwa imeshakwisha. Ukiinywa safari ya pili, kinga haingoji hivyo, inaweza kuamka siku hiyohiyo.

Umeniuliza mbona watu wanasema vipele vyekundu na vyako ni kama zambarau iliyokolea. Picha nyingi za mitandaoni ni za ngozi nyeupe. Kwetu wekundu unajificha, unabaki weusiweusi na ule ukakasi unaousikia ukipitisha kiganja. Ndiyo maana tulipokuwa wodini tulimpapasa mgonjwa mgongo mzima, tena karibu na dirisha mchana, hatukutegemea taa.

Kwa sasa oga maji ya kawaida, si ya moto, moto unaamsha muwasho. Dodoki weka pembeni. Jipake mafuta ya mgando, vaa khanga au pamba iliyolegea, kata kucha. Setirizini uliyopewa ya muwasho, kunywa kama ulivyoandikiwa. Usiongeze piritoni, nayo ni ya muwasho, juu yake eti ulale vizuri, utasinzia hadi kwenye chumba cha mtihani. Na mtu wa duka la dawa akikwambia anayo sindano ya kukausha vipele, mshukuru uondoke.

Muwasho peke yake haunitishi. Kinachonitisha ni ngozi kuacha kuwasha na kuanza kuuma. Ukiona malengelenge, au vidonda mdomoni na sehemu za siri, macho mekundu yanayochoma, uso kuvimba, homa kupanda, usimpigie mtu simu kumuomba ushauri, hata mimi. Chukua bodaboda nenda hospitali ya Bugando usiku huohuo. Na midomo au ulimi ukivimba ghafla baada ya kunywa dawa yoyote, pumzi ikabana, hapo ni dakika zinazohesabiwa, unahitaji sindano ya adrenalini. Hosteli mwambie mmoja unayemwamini, ajue.

Nayasema haya kwa sababu nimeyaona. Mwaka 2001 klorokwini ilipoachwa na SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini, ikawa ndiyo dawa ya malaria, kabla ya hii mseto ya sasa, wengi walipona nayo bila tatizo. Lakini kuna mvuvi mmoja aliletwa kwa mtumbwi kutoka kambini, midomo imepasuka na kuganda damu, macho hayafunguki, ngozi ya kifuani inabambuka kama ya mtu aliyemwagikiwa uji. Ndugu zake walikuwa wameshapoteza siku kadhaa kwa mganga, wanatafuta nani kamtupia. Vidonge vya SP vilikuwa bado mfukoni mwa koti lake. Tulimuuguza kama mgonjwa wa moto: maji ya mshipa, shuka safi, macho kuoshwa kila mara. Alipona, ila jicho moja halikurudi sawasawa.

SP na Septrin ni ndugu, mama. Zote mbili zina dawa za jamii ya salfa ndani yake. Metakelfin nayo ni humohumo, na ile krimu nyeupe ya fedha wanayopaka walioungua pia. Duka litabadilisha kopo na rangi ya boksi, wewe soma yale maandishi madogo: ukiona sulfa- mwanzoni mwa jina, au kotrimoksazoli, ambayo ndiyo Septrin yenyewe, rudisha. Siku Mungu akikujalia ukaenda kliniki ya wajawazito, utapewa SP ya kukinga malaria mbele ya nesi, umeze palepale. Sema kabla hujapokea kikombe cha maji. Ile dawa ya upele yenye salfa ya unga, ya njano, ni kitu kingine, hiyo haikuhusu.

Hapo ndipo ninapokwaruzana na watu wa madukani. Kimfuko ulichonionyesha kimeandikwa 2×2 basi. Hakuna jina la dawa. Bahati yako yule kijana alikumbuka alichokupa. Na huo mkojo wenyewe ulipimwa? Siku hizi msichana akishika tumbo tu anaambiwa UTI, yaani maambukizi ya mkojo, anafungiwa antibayotiki bila cheti. Safari nyingine pita maabara kwanza, halafu umwambie muuzaji aandike jina juu ya kimfuko, herufi kwa herufi. Akikataa, hamia duka la jirani.

Baba yako mdogo unalijua lile doa lake jeusi la mdomoni, watu walimzushia sigara za siri miaka mingi. Hajawahi kuvuta. Kila akiharisha alikuwa anakunywa Septrin, na kila akinywa, pale pale panawaka, panavimba, kisha panabaki peusi kuliko mwanzo. Doa halihami. Hiyo nayo ni aina ya aleji ya dawa, na ni salfa zinazoileta sana. Alipoacha, doa lilitulia, ingawa weusi umegoma kuondoka.

Usiende sasa kwenye ncha nyingine, ukawa unawaambia madaktari una mzio na antibayotiki zote. Amoksilini ni ya ukoo tofauti kabisa, na ulishainywa utotoni bila shida. Ukijifungia milango yote, siku ya nimonia utapewa dawa ya bei mbaya bila sababu. Sema hivi: Septrin, mwaka huu, vipele mwili mzima baada ya wiki hivi, bila malengelenge. Daktari ataelewa zaidi ya ukisema "zile nyeupe kubwa." Yaandikishe kwenye kadi ya hospitali kwa wino, na umuulize aliyekuhudumia kama amejaza fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa, ya kuripoti madhara ya dawa. Wasiojaza ni wengi.

Madoa yatabaki wiki kadhaa, ngozi itabanduka vipande vidogovidogo, ni kawaida. Najua mtu atakuletea kikopo cha mkorogo kutoka Makoroboi, kisicho na lebo. Ngozi iliyotoka kuumwa ukiipaka hayo, mimi na wewe tutakosana.

Nimemtuma mtoto wa mama mkubwa, anavuka na meli ya Ijumaa asubuhi, ana mafuta ya mgando kopo kubwa, khanga doti moja na hela ya kurudi kwa daktari. Kampokee bandarini, usimwache azunguke na mizigo. Baba anakusalimu, anauliza kama homa ipo. Nijibu hilo leo.

Mama yako