Futeni diski kabla ya kuuza kompyuta

Mhariri,

Mimi ni fundi wa kompyuta Kariakoo, Dar es Salaam. Wiki iliyopita nilinunua kompyuta chakavu tano kutoka zahanati moja. Ya kwanza ilionekana tupu. Kama kawaida yangu, nikaipima kwa programu ya kurejesha mafaili. Haikupita saa moja, majina ya wagonjwa na majibu ya vipimo vyao yakaanza kujipanga kwenye skrini. Niliizima pale pale, mikono ikinitetemeka.

Jamani, kufuta faili, hata kumwaga pipa la taka, hakuondoi kilichoandikwa. Kinachoondoka ni anwani yake tu. Chenyewe mara nyingi kinabaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Diski ya kuzunguka, ile yenye sahani ndani, ijazwe sifuri mwanzo hadi mwisho, mara moja yatosha. SSD, yaani diski isiyo na sahani za kuzunguka, ina amri yake ya kujifuta, itumieni hiyo, maana kuandika juu yake kunaweza kuacha mabaki. Diski ya kuzunguka iliyokufa, toboeni sahani zake kwa drili.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022. Zahanati, shule na ofisi zinazouza kompyuta za zamani zimwite fundi azifute mbele ya macho yao, kabla mzigo haujapakiwa kwenye guta.

Fundi kompyuta,
Kariakoo