Aliyefungulisha mlango wa oveni ni mimi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yake, umwambie goti alitunze, asianze tena kupanda ngazi kwa kuwa siku mbili halijamuuma. Mimi sijambo, kazi inakwenda.

Ujumbe wa Kaka nimeupata, wote watatu. Ule wa kuomba hela ya oveni kubwa niliusoma mara ya kwanza nikiwa njiani, mara ya pili nimetulia chumbani, na jibu limebaki lile lile: hela hiyo situmi. Asidhani sina. Tangu nilipotolewa kwenye kuosha trei nikapewa meza ya kupimia, nimesimama vizuri, Mama. Kila alfajiri unga wa mikate 240 unapita mikononi mwangu, na chumvi yake, na hamira yake, wala hakuna anayekuja nyuma yangu kuhakiki. Mfanyakazi mpya akiingia, analetwa kwangu aangalie. Natamani ungeniona siku moja tu, nimevaa kofia nyeupe, watu wazima wananiuliza maji ya hamira yawe na joto kiasi gani. Basi sikukataa kwa kukosa. Nimekataa kwa ajili ya mwanangu, somo yako.

Mdogo wangu amenieleza kwamba mtoto ameikunja aproni yake akaificha chini ya godoro, na sasa ni wiki ya tatu. Wewe kwenye simu uliniambia tu kwamba amechoka kidogo. Najua ulikuwa unanihurumia. Lakini na mimi kuna jambo nimekuficha wiki hizo hizo tatu, na ndilo lililonikalisha niandike, kwa sababu kwenye simu nimejaribu mara mbili na mara zote mbili nimeishia kuulizia goti la Baba.

Ile keki iliyozama niliizamisha mimi.

Jumamosi ile nilipiga wakati wa mapumziko yangu. Alikuwa peke yake jikoni, wewe ulikuwa nje unaanua nguo. Akaniambia keki imo ndani, ina dakika 12. Nikamwambia, "Fungua kidogo nione." Akasita. Akasema, "Mama, si ulisema tusifungue kabla ya dakika 30?" Nikamjibu kwamba mara moja haidhuru, kwamba muda wangu ni mfupi, kwamba nataka niione inavyopanda. Akafungua. Mama, ilikuwa nzuri! Imeumuka imefika ukingoni, juu imeanza kushika rangi. Nikamwambia asogeze simu, asogeze tena, halafu nikaanza kumwuliza habari za shule, mlango uko wazi muda wote huo, mpaka akaniambia joto linamchoma magoti. Ndipo nikakumbuka. Nikamwambia afunge, nikamuaga, nikarudi kazini nimefurahi.

Kazi hii naijua, ndiyo maana inaniuma zaidi. Keki katika dakika ya 12 bado ni rojo katikati. Kinachoinyanyua ni mapovu: hewa iliyoingia wakati wa kuchapa siagi na sukari, gesi ya beking pauda, na mvuke wa maji yake yenyewe. Mayai na unga ndiyo kuta za kuyashikilia mapovu hayo, na kuta haziwi ngumu mpaka joto lipenye hadi ndani. Ukifungua mapema, joto linatoroka, mapovu yananywea kuta zikiwa bado laini, katikati panadidimia. Hata ukifunga upesi, hapanyanyuki tena. Kwa hiyo hakukosea kipimo. Hakuzidisha beking pauda kama Kaka alivyosema mbele ya wageni. Mayai 4, ambayo bila maganda yanakaribia gramu 200, na siagi gramu 200, sukari gramu 200, unga gramu 200, beking pauda vijiko 2 vya chai, moto nyuzi 180. Alipima kila kitu sawasawa. Daftari lake nililiona.

Na hakunitaja. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mjomba wake anamgombeza, mwenye keki amesimama mlangoni na chombo chake, watu wanamtazama, na mtoto wa miaka 9 anainamisha kichwa asiseme, "Mama ndiye aliyeniambia nifungue." Jioni nilipopiga aliniambia keki ilitoka salama. Nikamsifu. Nikamsifu, Mama! Ukweli nimeupata kwa mdogo wangu siku nne baadaye, na hata baada ya kuupata nikanyamaza, kwa sababu niliona aibu kwa Kaka. Naomba sehemu hii uisome kwa sauti, wote wakiwepo.

Sasa nimfikie Kaka mwenyewe. Namheshimu, ni mkubwa wangu, ndiye aliyenibebea begi siku ile mpaka akaachwa nje ya mlango wa abiria, sijasahau. Lakini ni nani aliyemwambia mtoto anaoka kwa ajili ya kuuza? Mdogo wangu ananiambia kulikuwa na wiki ya keki 6. Keki 6, na shule, na bado mtoto anasimama kwenye kigoda usiku anapaka krimu huku anasinzia. Kaka ananiandikia kwamba kipaji kisiachwe kilale. Kipaji hakikuwa kimelala. Kilikuwa kinacheza, na mtoto wa miaka 9 ndivyo anavyofanya kazi yake, anacheza. Mimi huku naoka kwa saa na kwa kengele, na mshahara wake naupenda, lakini najua tofauti ya mkono unaokanda kwa hamu na mkono unaokanda kwa sababu lori linasubiri. Mwanangu hilo lori litamfikia akiwa mkubwa, akitaka. Si sasa.

Anasema pia kwamba unga unamharibia masomo. Hapo kidogo nicheke na kidogo nikasirike. Je, amesahau sehemu na desimali zilivyokuwa zinamliza mtoto yule? Nani aliyemfundisha? Si sisi, kwa keki. Mnakumbuka Jumapili ya mayai 3. Tulitaka kuoka nusu ya kipimo cha mayai 3, nami nikasema basi tuache, nusu ya yai haipatikani. Akanyamaza, akachukua bakuli, akavunja yai, akalipiga mpaka ute na kiini vikachanganyika, akaliweka kwenye ile mizani ya Baba ya kizamani, akasema, "Limekuja gramu 50. Nitamwaga 25." Mimi mwenye kazi ya kupima sikuliwaza hilo. Nimelisimulia kazini mara nyingi mpaka wenzangu nikifungua mdomo tu wanasema, "Gramu 25!" Nina picha yake kwenye kabati langu la nguo za kazi, ile ya unga puani, na kila anayepita humwonyesha.

Jumapili zile, Mama, ndizo nyumbani kwangu. Mnaegemeza simu kwenye kopo la sukari, mimi huku naweka yangu kwenye dirisha, nachapa siagi yangu na yeye anachapa yake. Nawasikia nyote. Namsikia Baba akiuliza kama imeiva kabla hata haijaingia ndani. Namsikia mdogo wangu anamwambia achekeche unga tena. Nasikia na mwiko ule ule wetu unavyogonga bakuli. Mlio wake naujua. Kuna siku nilizima picha nikawaambia mtandao umekata. Haukukata.

Na hapa niseme lile la mwiko, usinikasirikie. Najua sisi ulituachia kuulamba, tena kwa zamu, na Kaka akila zamu ya mtu. Hakuna utamu nilioupata baadaye ukafika pale. Lakini huku tumefundishwa kwamba rojo mbichi ina vijidudu, na si mayai peke yake, hata unga mbichi unaweza kuwa navyo. Naomba somo yako asiulambe. Mwekee kijiko cha krimu pembeni. Najua umeshamzoesha, na najua utasema mbona nyinyi hamkufa. Nakuomba tu.

Vile vitambaa ulivyomfundisha kufuma vimenifika. Nilivitandika chini ya taa. Mdogo wangu amenisimulia mkasa wa kile cha kwanza cha kuwekea keki, kilichojikunja kikawa kama bakuli kwa sababu alikuwa haongezi mishono, na wewe ukamwonyesha kwamba duara likitaka kulala chini huongezwa 6 kila mzunguko: 6, 12, 18, 24. Kile kilichojikunja akakigeuza kofia ya mwanasesere. Nimefurahi kupita kiasi. Hakukifumua, hakukitupa, hakuna aliyemkaripia, kikawa kofia. Sasa niambie, keki iliyozama katikati kwa nini isiwe hivyo hivyo? Pale palipodidimia hujazwa krimu na matunda, au keki hukatwa vipande vidogo ikapangwa kwenye glasi na krimu katikati, na atakayekula hatajua. Angekuwepo mtu wa kumwambia hivyo Jumamosi ile, aproni isingekuwa chini ya godoro. Mtu huyo nilitakiwa niwe mimi, na nilikuwa nimeshakata simu.

Aproni yenyewe ni gauni langu la bluu. Niliitambua kwa mfuko. Nilipoona mmeikata ilinishtua kidogo, nikadhani mmeshakata tamaa kwamba nitarudi kulivaa. Kisha nikaona alivyodarizi ua kifuani, petali tano, moja kubwa kuliko nyingine zote, na sikutaka tena gauni.

Nimetuma kifurushi badala ya hela ya oveni. Ndani kuna mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja, ili ya Baba ipumzike. Kuna kipimajoto cha kutundika ndani ya oveni, maana oveni yetu ile huonyesha 180 na ndani huenda haiko 180, na huo ndio ukarabati ninaoutaka kabla ya mtu kuzungumzia oveni mpya. Sindano za kroshia tatu, za milimita 3, 4 na 5, na nyuzi ambazo rangi zake nimezichagua muda mrefu dukani, nikizishika na kuzirudisha. Mpira wa uzi wa rangi ya machungwa ni wako, usimpe. Kuna daftari la karatasi nene zisizo na mistari, la kuchorea keki zake kabla ya kuzioka. Hela niliyotuma pamoja ni ya goti la Baba na ada. Kaka asiiguse kwa jambo lingine, na hilo namwambia kwa heshima.

Waliokwisha kuagiza keki, awaambie mtoto hauzi. Kama wamelipa, anijulishe ni kiasi gani, nitarudisha mimi.

Karatasi hii ya pili nimeiandika kwa herufi kubwa, mpe mwenyewe aisome peke yake:

Mwanangu. Jumamosi ile wewe hukukosea. Ulinikumbusha dakika 30, nami sikukusikiliza. Mama ndiye aliyekosea, na nimemwandikia Bibi awaambie wote. Nisamehe. Tena nisamehe kwa kunyamaza. Kwenye daftari lako, kwenye ule ukurasa, usiandike kwamba keki iliharibika. Chora jinsi ilivyozama, na pembeni andika sababu: mlango ulifunguliwa dakika ya 12. Mimi kazini nina daftari kama hilo na lina kurasa za namna hiyo nyingi. Hujalazimika kuoka. Ukitaka kufuma tu, tutafuma, mimi nimenunua sindano yangu ya milimita 4 na sijui hata kuanza. Utanifundisha ile 6, 12, 18. Ukitaka kuchora tu, tutachora. Na kama siku moja utatamani kuoka, tutaoka biskuti kwanza, zile za kukata kwa glasi, zinazokaa ndani dakika 12 tu. Trei atatoa Bibi.

Mama, nitapiga Jumapili saa ile ile. Usimwambie avae aproni, iache ilipo, aitoe mwenyewe. Simu iegemeze kwenye kopo la sukari kama kawaida, ila igeuze itazame meza, isitazame oveni.

Mwanao